Mbona Fukusi wa Kunde Hali Maharagwe?

Bwana Mkulima, nawe Bibi Mkulima, fungua gunia lako la kunde utazame. Ukiona punje zina matundu ya mviringo, jua ya kuwa fukusi amekwisha kukutangulia. Watu wa Machakos, Kitui na Makueni wanaijua sana hasara hiyo, maana kunde na ndengu ni chakula chao, tena ni mbegu ya mvua zijazo.

Lakini kuna jambo la ajabu. Fukusi huyo huyo akitaga mayai juu ya maharagwe, funza wake hutoboa punje, ila hawafiki kukomaa. Hufa humo humo. Kwa nini?

Tumboni mwa kila mdudu, kama tumboni mwetu, mna vimeng'enya. Kazi yake ni kukikata chakula vipande vidogo vidogo hata kiweze kuingia mwilini. Chakula kikubwa cha funza ni wanga. Basi katika punje ya haragwe mna protini inayokishika kimeng'enya cha kukata wanga, kikawa kama panga lililokwama alani. Funza anakula, lakini chakula hakimfai kitu.

Mimea mingine hujikinga hivyo pia. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani, Green na Ryan, walionyesha kwamba jani la nyanya au la kiazi likitafunwa na mdudu, mmea hutengeneza vizuizi vya namna hii hata katika majani yasiyoguswa.

Mwaka 1994 wataalamu walitangaza kuwa wameitia kinga ya haragwe katika njegere, na fukusi wa kunde wakashindwa kuzila. Lakini mwaka 2005 kazi hiyo ilisimamishwa huko Australia, baada ya panya waliolishwa njegere hizo kuonyesha dalili za kudhurika.

Wala usidhani maharagwe yako yamo salama. Nayo yana fukusi wake mwenyewe, ambaye kimeng'enya chake hakishikwi na kizuizi kile. Tena maharagwe mabichi hudhuru tumbo la mtu pia. Yachemshe sana mpaka yaive kabisa. Kwa hiyo kinga ya mmea peke yake haitoshi. Fanya haya:

1. Vuna mara kunde zikaukapo. Fukusi huanza kutaga juu ya maganda zingali shambani.

2. Anika vizuri. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, uache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, punje hazijakauka, rudisha juani.

3. Usichanganye kunde mpya na masalio ya mwaka jana. Safisha ghala kwanza.

4. Tumia mfuko usiopitisha hewa, wenye karatasi mbili za plastiki ndani ya gunia. Jaza, kamua hewa, ufunge kila karatasi peke yake kwa nguvu. Fukusi watakosa hewa na kufa. Chunga panya wasiutoboe, wala usiufungue mara kwa mara.

Ukiwa na shaka, mwulize afisa wa kilimo wa kwenu kabla ya kununua dawa yo yote. Fukusi wachache wa leo ni gunia zima la unga baada ya miezi michache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.