Kupanda boti mto Rufiji kwa matembezi: mambo ya kujua kabla hujaingia majini

Tulipozungumzia safari za boti hewani, msikilizaji mmoja alituma ujumbe: "Mtangazaji, mimi nimezaliwa Rufiji, mto huu nauvuka kwa mtumbwi tangu mdogo. Leo nilipe hela nikawaangalie viboko waliokula mpunga wangu?" Studio nzima tulicheka. Lakini swali lake ni la haki, na muda wa kipindi uliisha kabla sijalijibu vizuri. Nalijibu hapa.

Kwanza tujue tunazungumzia sehemu gani ya mto. Rufiji unaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kwenye maporomoko ya Shughuli. Ukishaupokea Ruaha Mkuu unapita kwenye korongo la Stiegler, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere. Ukitoka hapo ardhi inakuwa tambarare, mto unatanuka, unapunguza mwendo na kuacha maziwa pembeni: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizima. Huko ndiko boti za matembezi zinakokwenda. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililoanzishwa mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara hupitia Kibiti hadi kijiji cha Mloka, karibu na lango la Mtemere. Wengine hupanda treni ya TAZARA hadi Kisaki, upande wa Morogoro.

Sasa, tofauti ya boti na gari ni nini? Kwenye gari unamtazama mnyama kutoka juu, na injini inanguruma. Kwenye boti nahodha anazima mashine, maji yanawasogeza taratibu, na macho yako yanakuwa karibu sawa na macho ya kiboko. Tembo anashuka kunywa na unasikia maji yakiingia kwenye mkonga.

Kuhusu kiboko nitakaa kidogo, maana ndiye anayeogopwa, na kwa sababu. Chakula chake ni nyasi, na usiku mmoja anaweza kula kama kilo 40. Mchana hukaa majini kuilinda ngozi yake na jua, na huweza kuzama kama dakika tano kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Kwa hiyo ukihesabu vichwa sita juu ya maji, usiseme viboko ni sita. Akiwa kwenye maji mafupi au nchi kavu, kimbilio lake ni maji marefu. Hatari kubwa ni kukaa katikati yake na kimbilio hilo. Ndiyo maana nahodha anayeujua mto hapiti kati ya kundi na kina, anawaachia njia. Wavuvi wetu wa mitumbwi hugonga ubao kwa kafi wakikaribia kona, ili aliyezama ajue kuna watu na aibuke mbali. Usimwone nahodha anagonga ukadhani anacheza ngoma.

Mamba naye anasingiziwa jambo moja. Ukimkuta kwenye mchanga kaachama, watu husema kakasirika. Hapana, anapunguza joto. Huota jua ili mwili upate joto, likizidi anafungua mdomo. Na jike, pamoja na meno yale yote, huwabeba watoto wake mdomoni kuwapeleka majini baada ya kuanguliwa. Lakini hilo lisikufanye uning'inize mkono nje ya boti. Mkono ndani, muda wote.

Ndege wa mto huu wanatosha kipindi kizima. Furukombe utamsikia kabla hujamwona. Keremkerem wanachimba matundu kwenye kingo za udongo na kutaga humo kwa makundi. Boti ikipita kasi, mawimbi yanabomoa ukingo pamoja na viota. Yupo pia ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, akiruka hulichana maji kwa huo mdomo kutafuta samaki. Huyo hutaga juu ya mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Kwa hiyo fungu la mchanga linaloonekana zuri la kushukia kupiga picha huenda ni kitanda cha mayai, na mamba analipenda pia. Usishuke mpaka muongozaji aseme.

Nikwambie kilichonipata. Miaka michache iliyopita nilipanda boti, nje ya hifadhi, bila kuuliza maswali kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa yamefungwa kwenye mfuko chini ya kiti. Jua linazama, tukakwama kwenye mchanga. Nahodha akashuka majini mpaka kiunoni kusukuma, na viboko tunawasikia lakini hatuwaoni. Abiria wote kimya. Tulitoka salama, lakini lawama nilijipa mwenyewe: mimi mtu wa redio, kazi yangu kuuliza.

Kwa hiyo wewe uliza. Jaketi livaliwe na lifungwe kabla boti haijaondoka, na la mtoto liwe la mtoto. Kubwa linamvuka kichwani. Uliza boti imesajiliwa kubeba watu wangapi, kisha hesabu waliomo. Uliza mtarudi saa ngapi: iwe kabla ya giza, kwa sababu usiku kiboko anatoka kwenda malishoni na njia zake zinakatiza ukingoni. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki, na umwambie mtu nchi kavu unakwenda wapi. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Masika barabara zinakatika na kambi nyingi hufunga, na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti hayahitaji kusimuliwa. Mafungu ya mchanga huhama, na bwawa nalo limebadilisha mwendo wa maji. Nahodha aliyepita mwaka juzi tu hajui mto wa leo.

Gharama je? Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, beba kitambulisho. Kinachouma ni boti na mafuta, kwa hiyo nendeni kwa kikundi mgawane.

Narudi kwa ndugu yangu wa mpunga. Shamba lako likiliwa, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili uharibifu upimwe wakati nyayo bado zipo. Kuna kifuta jasho, na ninajua wengi mnasema hakitoshi na kinachelewa. Mimi pia nasema hivyo. Safari ya boti hairudishi gunia hata moja. Ila wewe kiboko umemjua usiku tu, yeye akiwa shambani na wewe na debe lako mkononi. Nenda siku moja ukamwone saa nne asubuhi, na mtoto wake kalala mgongoni. Halafu nitumie ujumbe, hata kama ni wa kunitukana. Nitausoma hewani.