Unauza Barolo? Mwambie mteja aile na nini

Wadau wa waini mtandaoni, Barolo ni chupa ya bei, na mteja akiinywa bila chakula anarudi inbox kulalamika umemuuzia feki. Rangi haijakolea, halafu inakaba mdomo kama ndizi mbichi. Huo ukakasi ni wa zabibu yake, Nebbiolo ya Piemonte, Italia. Kisheria inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kwenye pipa, na bado unausikia! Kinachoulainisha ni nyama yenye mafuta. Kwao wanapika ng'ombe taratibu ndani ya Barolo yenyewe. Mimi kila posti naandika: ng'ombe au kondoo wa kuchemka polepole, uyoga, jibini ngumu. Samaki hapana, inaleta ladha ya chuma. Akifungua aimimine kwenye jagi, asubiri kama saa moja ndo anywe.