Siwa ya Pujini Yadai Nyumba

Ndani ya boma la kale la Pujini, kiasi cha kilomita 10 kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, kimo chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na ukutani mwake imo sura ya siwa iliyotengenezwa kwa chokaa. Siwa, kama wasomaji wetu wajuavyo, ni baragumu ya enzi. Haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa katika harusi za watu wa daraja, katika sherehe za wakubwa, na katika siku ambazo mji mzima ulitakiwa ukusanyike. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate zinahesabiwa hadi leo miongoni mwa vyombo vya thamani kubwa katika mwambao wetu. Nasi Wapemba tunayo yetu, ingawa ni ya chokaa na imo gizani.

Tunaitaja siwa hiyo kwa sababu linatukabili swali ambalo haliwezi kuahirishwa daima. Je, kisiwa chenye watu zaidi ya laki tano, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, hakistahiki kuwa na nyumba moja iliyojengwa makhsusi kwa ajili ya sanaa za maonyesho na mafunzo yake? Wazee wa Pujini wa karne ya 15 walikipa chombo cha sauti mahali pa heshima ndani ya jengo la mawe. Sisi tunaoishi leo tumekipa nini?

Haki inatutaka tuanze na yaliyokwisha kufanywa. Uwanja wa Gombani umekarabatiwa, na mwezi wa Januari 2025 mashindano ya Kombe la Mapinduzi yalichezwa hapo hapo Pemba, na vijana wetu wa Zanzibar wakalitwaa kombe kwa kuifunga Burkina Faso. Hilo limetuthibitishia kwamba jengo likiwapo, watu huja na vipaji huonekana. Lakini mpira ni upande mmoja tu wa maisha ya kijana. Kumbi tulizo nazo, kama ule wa Makonyo pale Wawi, hutumika zaidi kwa mikutano na semina. Ukumbi wa mkutano una meza kuu na viti vya wageni. Hauna ghala la ngoma, wala chumba cha mazoezi, wala darasa la kumfundisha mtoto kutia nyuzi katika udi.

Kwa upande wa Unguja, ndugu zetu wamebahatika. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na klabu ya Mila na Utamaduni mwaka 1958. Tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza mwaka 1998, chuo cha muziki cha nchi za jahazi kikafunguliwa mwaka 2002, na tamasha la Sauti za Busara likafuata mwaka 2004. Hatuwaonei gere, kwa maana mali ya Unguja ni mali ya Zanzibar nzima. Tunachosema ni kwamba mtoto wa Pujini, wa Kengeja au wa Micheweni anayetaka kujifunza fani hizi kwa utaratibu wa darasa, kwa kawaida hana budi kuvuka bahari, na wazee wengi hawana uwezo wa kumvusha.

Hasara inayotokana na hali hiyo si ya mtoto peke yake. Pemba ina ngoma zake. Ipo msewe, ambayo wachezaji wake hujifunga miguuni vitu vinavyolia kila wanapopiga hatua, hata mguu wenyewe ukawa ni chombo. Ipo kibati, ambayo washairi wake hujibizana papo kwa papo, kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutafuta kina wala mizani. Mwenye nayo anayo, na asiye nayo huaibika hadharani. Ipo kirumbizi ya fimbo, na upo mchezo wa ng'ombe ambao husemekana asili yake ni Wareno. Elimu hizi zote zimo vifuani mwa watu wachache walio wazee, na hakuna darasa linalozipokea.

Mfano wa ushairi unatosha. Kamange na Sarahani, malenga wawili wakubwa wa Pemba, walitunga na kujibizana zamani. Sarahani alifariki mwaka 1926. Mkusanyo wa tungo zao ulitoka kitabuni mwaka 2011, miongo mingi baada ya wenyewe kuondoka, na ulipatikana kwa juhudi za watu wachache waliotafuta nakala na kuwahoji waliohifadhi kwa moyo. Tunawashukuru. Hata hivyo, urithi wa kisiwa kizima haufai kutegemea hisani ya mtu mmoja mmoja. Unataka nyumba, watumishi na bajeti.

Tunafahamu kwamba ziko hoja tatu zinazopinga, nasi hatutazipita kimya.

Ya kwanza ni ya dini. Wapo wazee wetu waheshimiwa wanaochelea kwamba nyumba ya ngoma itakuwa nyumba ya upuuzi. Sisi tulikaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kukaa skuli mbele ya ubao, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini chuoni humo ndimo tulimofundishwa kwamba sauti ni elimu yenye kanuni. Hiyo ndiyo tajwidi. Maulidi na kasida ni sehemu ya utamaduni huu huu, na vijana wanaozisoma wanahitaji nao mahali pa kufanyia mazoezi. Nyumba tunayoizungumzia iwe na kamati ya wazee na maulamaa, iheshimu nyakati za sala na mwezi wa Ramadhani, na iwe na saa na nafasi za wanawake zisizoingiliwa. Upuuzi huzaliwa pasipo na usimamizi. Kijana asiye na mahali pa kwenda jioni hutafuta mahali mwenyewe, na huko hakuna mzee wala sheikh.

Ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba maji, dawa na madawati vije kwanza. Hoja hii ni nzito, wala hatuombi kwamba kisima kisimamishwe ili jukwaa lijengwe. Tunakumbusha tu kwamba elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, wakati ambapo nchi ilikuwa na shida za kila namna. Viongozi wa wakati ule hawakungoja shida zimalizike ndipo wasomeshe watu. Nyumba tunayoipendekeza ni ya elimu pia: iwe na madarasa ya watu wazima usiku, maktaba ndogo, mafunzo ya useremala wa vyombo vya muziki, na chumba cha kurekodia masimulizi. Aidha, karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Sehemu ndogo ya mapato yake, ikitengwa kwa utaratibu wa miaka kadhaa, inaweza kuanzisha mfuko wa kazi hii bila ya kuipokonya hospitali hata kitanda kimoja.

Ya tatu ni ya mahali. Wapo watakaosema nyumba ijengwe mjini Chake Chake, na wapo watakaosema ijengwe Pujini penyewe. Hapa historia ya boma ina mengi ya kutufundisha.

Masimulizi yanamtaja mtawala wa Pujini kwa jina la Mkama Ndume, yaani mkamua wanaume. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ukuta huku wakijiburura kwa makalio. Alijenga boma, akachimba mfereji wa kuingizia vyombo kutoka baharini, na wataalamu waliochimbua hapo, akiwemo Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia cha Marekani, wamethibitisha kwamba palikuwa ni makao makubwa ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Kuta zimebomoka. Lililosalia vinywani mwa watu ni ukali wake. Jengo la kulazimishwa halikupata wa kulirithi.

Mfano wa pili unatoka Kenya. Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, wanavijiji walianza kwa madarasa ya kujua kusoma na kuandika mwaka 1976, kisha wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya zaidi ya watu 2,000. Kituo chao kilikuwa ni cha elimu na utamaduni kwa pamoja. Mwaka 1977 waliigiza kwa lugha yao ya Kikuyu mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ. Kibali kilifutwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwezi wa Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa kwa amri ya wakubwa. Sisi tulio ndani ya Chama hatuoni haya kulisema: aliyeshindwa siku ile si mwanakijiji. Serikali inayoliogopa jukwaa hujinyima masikio yake yenyewe, kwani watu hawaachi kusema kwa sababu wamekosa pa kusemea.

Mfano wa tatu ni wa hapa hapa Tanzania. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 kutokana na kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma na maigizo, na mwaka 2007 kikawa taasisi kamili. Baina ya miaka hiyo miwili, mwaka 2002, ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto, ikabidi ujengwe mwengine. Na hapa Zanzibar, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati wa matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Kujenga ni kazi ya mwaka mmoja au miwili. Kutunza ni kazi ya kila mwaka. Jengo lisilokuwa na fungu la matengenezo ni jengo lililopangiwa siku ya kuanguka.

Kutokana na mifano hiyo, rai yetu kuhusu mahali ni hii. Nyumba kuu ijengwe mjini Chake Chake, kwa kuwa huko ndiko kwenye barabara za kutoka Wete na Mkoani, na ndiko mwanafunzi wa mbali atakakopata dakhalia. Pujini pajengwe jukwaa la wazi na mabanda ya kufundishia, nje kabisa ya mipaka ya magofu, ili pasiguswe jiwe la kale hata moja. Wazee wenye ngoma zao wafundishe vijijini mwao na walipwe kama walimu wengine wanavyolipwa, kwa maana mzee wa kibati anayeitwa mjini kwa nauli na soda atakuja mara moja tu.

Liko jambo jengine ambalo wenye madaraka wanapaswa kulizingatia. Ndani ya boma la Pujini kimo kisima ambacho husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikigawa kwa ukuta, ili wake zake wawili waliooneana wivu wateke maji bila ya kukutana. Maji yalikuwa ni yale yale. Tunachelea kwamba mradi wa namna hii unaweza kupatwa na ukuta wa aina hiyo: wenye dhamana ya elimu wakasema sanaa si kazi yao, wenye dhamana ya utamaduni wakasema madarasa si kazi yao, na wenye dhamana ya mambo ya kale wakasema Pujini haiwahusu wengine. Faili litazunguka ofisi tatu, na mtoto atakuwa mtu mzima kabla halijarudi.

Kwa hiyo basi, tunaziomba wizara zinazohusika ziteue kamati moja, yenye mwenyekiti mmoja na muda uliowekwa, ikiwashirikisha masheha, maulamaa, walimu, wasanii na wanawake wa vikundi vya utamaduni. Kazi yake ya kwanza iwe ni kupima kiwanja na kukadiria gharama, pamoja na gharama za kuliendesha jengo kwa miaka 10 ya mwanzo, wala si za kulijenga tu. Kazi ya pili ianze mara moja bila ya kungoja saruji: kuwarekodi wazee wa msewe, wa kibati na wa kirumbizi katika kila wilaya, na kuziweka kanda hizo mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzisikiliza.

Nao wananchi wasikae wakingoja. Shehia zenye vikundi ziviandikishe, wazee watoe majina ya wanaojua, na vijana wajitokeze kujifunza. Siku mkandarasi atakapofika kuuliza nyumba hii ni ya nani, wawepo watu wa kumjibu.