Fumbo la Maneno na Mitaa ya Mji Mkongwe

Mafumbo hayakuletwa kwetu na magazeti. Kabla mtoto hajajua kushika kalamu, alikwisha kujua kutega kitendawili, na aliyeshindwa kukitegua alitakiwa atoe mji. Lakini fumbo la visanduku, ambamo maneno ya mlalo hukutana na maneno ya wima, ni mgeni. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mgeni huyu alipokaribishwa katika Kiswahili, ilimpasa afuate ada za mwenyeji. Hapo ndipo watungaji wengi wanapoteleza.

Tuketi basi, ndugu msomaji, pamoja na jamaa nyumbani, tufumbue jedwali la mfano lenye mada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kidokezo cha kwanza cha mlalo ni hiki: "Mahali katika Mji Mkongwe, herufi 9." Baba atasema Forodhani. Binti yake atasema Mkunazini. Wote wawili wamehesabu sawasawa, wala hapana wa kumcheka mwenzake. Hawana budi kutafuta msaada katika neno la wima. Iwapo mtungaji amelipitisha neno hilo katika herufi ya 8 au ya 9, hakuwasaidia lolote, kwa kuwa majina yote mawili yanaishia "ni". Iwapo amelipitisha katika herufi ya 3, na kidokezo chake ni "Kiti cha mawe nje ya nyumba, hapo habari za mji hujadiliwa, herufi 6", jibu ni BARAZA. Herufi yake ya 3 ni R, na papo hapo Forodhani imethibitika. Mkunazini, ambayo herufi yake ya 3 ni U, imejitoa yenyewe.

Tunajifunza nini hapa? Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa, huishia kwa irabu, nazo irabu zetu ni tano tu. Mtungaji anayepitanisha maneno mwishoni humwachia mfumbuaji mashaka; anayeyapitanisha mwanzoni au katikati, penye konsonanti, humpa ushahidi.

Hata hivyo kidokezo chenyewe kina uvivu. "Mahali katika Mji Mkongwe" si fumbo, ni ombi la orodha ya mitaa. Laiti mtungaji angaliandika: "Zamani ushuru, sasa mishikaki ya usiku", kila mtu angalifika Forodhani bila ya kubahatisha, naye mtoto angalijua kwamba jina hilo limetokana na forodha. Na kama alikusudia Mkunazini, angaliweza kusema: "Soko la watumwa lilifungwa 1873, mkunazi ukabaki katika jina."

Lipo pia suala la Ng'ambo, mitaa iliyokuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliokwisha kufukiwa. Je, ile alama ya ritifaa ipewe kisanduku chake? Rai yetu ni kwamba isipewe. Neno lihesabiwe herufi 6. Lakini lililo muhimu ni mtungaji achague kanuni moja na aitangaze juu ya jedwali.

Kosa zito zaidi ni hili. Katika jedwali hilo hilo twasoma: "Kiungo chekundu cha mchuzi, herufi 6." Mtoto wa Unguja ataandika TUNGULE, kwa kuwa ndivyo mama yake asemavyo jikoni. Visanduku havimtoshi, maana mtungaji ametaka NYANYA. Neno nyanya ni Kiswahili safi, hatuligombi. Lakini fumbo lenye mada ya Zanzibar likimfunza mtoto wa Zanzibar kwamba neno la nyumbani kwao ni kosa, limekwisha kuivunja mada yake. Ni ajabu zaidi tukikumbuka kwamba mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Mtungaji wa haki huifungua kamusi hiyo na ile ya Kiswahili Sanifu, kisha huandika kwenye kidokezo: "kwa kauli ya Unguja".

Jedwali letu, basi, lina mada nzuri na vidokezo dhaifu. Dawa yake si ngumu: chagueni maneno yanayosemwa nyumbani, na kila jibu lipate shahidi zaidi ya mmoja.

Tunawaachia kazi ya jioni. Chora visanduku 9, uandike FORODHANI kwa mlalo. Katika ile R, mahali pa BARAZA, shusha neno jingine: "Halikui zao hili ila Pemba hunukia, herufi 7, mbili za mwisho ni pacha." Atakayeshindwa na atoe mji.