Mbu Watatu, Makazi Matatu

Kwenye mikutano ya mtaa hapa Dar es Salaam, masika yakishapita, ajenda ya mbu haikosi. Na ikitajwa tu, vidole vyote vinaelekea mtaroni. Mtaro umeziba, manispaa hawaonekani, tutaumwa wote. Mwenyekiti anatangaza usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanafyeka nyasi, wanazoa tope na kulirundika pembeni mwa mtaro ule ule, kisha kila mtu anarudi kwake akiamini malaria imekomeshwa. Wiki mbili hazipiti, watu wanajikuna kama kawaida.

Kazi yangu ni wadudu waenezao magonjwa, na sina ugomvi na anayezibua mtaro. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba mbu wote wanatoka sehemu moja. Mitaani kwetu wapo mbu wa aina kuu tatu, na kila mmoja ana mahali pake pa kuzaliana, saa zake za kuuma na ugonjwa wake. Ukifukua mtaro kumtafuta mbu anayezaliwa kwenye ndoo yako ya akiba, atakuuma jembe likiwa mkononi.

Tuanze na anayepiga kelele. Yule anayekulilia sikioni usiku wa manane mara nyingi ni kuleksi. Huyu ndiye mbu wa maji machafu: shimo la choo, karo lenye mfuniko uliopasuka, mtaro uliotuama, kidimbwi cha maji ya bafu la nje nyuma ya nyumba. Kwa wingi hakuna anayemfikia mjini, na kwa kuwa ndiye anayetukera zaidi, mtaro umebeba lawama za mbu wote. Lakini kuleksi haambukizi malaria. Anachobeba ni minyoo midogo ya matende na mabusha, maradhi ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mpango wa taifa wa kugawa kingatiba dhidi ya maradhi hayo ulianzia Mafia mwaka 2000, kabla ya kuenea mikoa mingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walifanya jambo Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambalo hadi leo nalieleza kila ninapopata wasikilizaji. Waligawa dawa ya matende kwa wakazi, na wakati huo huo wakamwaga punje za plastiki nyeupe nyepesi, za aina ile inayowekwa kwenye maboksi ili televisheni isivunjike, ndani ya mashimo ya vyoo yenye maji. Punje zile zilielea na kutanda juu. Mbu jike hakupata pa kutagia, na kiluwiluwi aliyepanda kuvuta hewa alikuta njia imezibwa. Idadi ya mbu waliokuwa wakiuma watu ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hakuna aliyekwenda kufyeka nyasi, waliziba vyoo.

Sisemi kila mtu akamwage punje chooni kwake. Kwenye nyumba za Jangwani au Kigogo bondeni, ambako maji ya mvua yanaingia shimoni na kutoka na kilichomo, punje hizo zitaishia Mto Msimbazi na baharini. Lakini funzo liko wazi: kuleksi anafungiwa mlango. Zibeni nyufa za mfuniko wa karo kwa saruji. Funikeni chemba. Bomba la hewa la choo likae na wavu juu, na wavu huo ukaguliwe, maana jua la hapa linaumaliza upesi. Anayebisha kwamba mbu wanatoka chooni kwake afunge kipande cha chandarua cheupe mdomoni mwa bomba hilo jua linapozama, akikiacha kilegee kama mfuko, kisha akitazame alfajiri. Nimeona mabishano mengi yakiishia hapo, mwenye nyumba kainama na tochi, vijana wanahesabu kwa sauti.

 

Mbu wa malaria, anofelesi, ni mpole kwa namna yake. Hapigi kelele sana, anakuja umelala, na anapotua ukutani anainua makalio juu ilhali kuleksi analala sambamba na ukuta. Viluwiluwi wao ni kinyume chake: wa anofelesi analala bapa chini ya uso wa maji, wa kuleksi ananing'inia kichwa chini. Mtoto wa darasa la tano akionyeshwa mara moja hasahau.

Mji huu umepigana na anofelesi kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Wajerumani walijaribu hapa njia ya Robert Koch ya kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Kati ya 1988 na 1996 ukaja mradi uliofadhiliwa na Japani, katika miji ya Dar es Salaam na Tanga. Mwaka 2004 ukaanza mpango mwingine wa mji wenyewe, na mwaka 2006 kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, zikaanza kuwekewa viuadudu vya kibaiolojia kwenye madimbwi, bakteria wanaoua viluwiluwi bila kumdhuru samaki wala binadamu. Waliofanya kazi hiyo hawakutoka mbali. Walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe, kila mmoja na eneo lake, akipita shina kwa shina na kichota maji mkononi. Leo viuadudu vya aina hiyo vinatengenezwa Kibaha.

Yeyote aliyepita na kichota mkononi anajua kwamba mbu wa malaria anapenda vidimbwi vya wazi vinavyopigwa na jua: alama za matairi ya lori, shimo la msingi wa nyumba uliosimama kwa kukosa fedha, mifereji kati ya matuta ya mchicha na matembele mabondeni, tuta la mchanga lililozuia maji ya mvua. Kwa hiyo, ukiwa na toroli la kifusi na nusu siku ya nguvu, utapunguza anofelesi zaidi kwa kufukia mashimo ya barabara ya mtaa kuliko kwa kukata majani. Majani hayazai mbu. Mbu anapumzika humo tu mchana, na ukiyakata anahamia chini ya kitanda. Kwa huyu, chandarua chenye dawa bado ndicho ngao, kwa sababu anauma watu waliolala.

Sasa tuje kwa wa tatu, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike. Ni aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Anashambulia vifundo vya miguu ukiwa umekaa kibarazani au chini ya meza ya ofisi. Anabeba dengi, iliyozuka hapa Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi 2013 na 2014, kisha 2019 ikaleta wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wa mji huu. Anabeba pia chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa nchi yetu, kwenye uwanda wa Makonde. Chandarua hakimzuii sana, kwa kuwa saa zake ni za watu kuwa macho. Mtaro mchafu haumpendezi. Anataka maji masafi yaliyotulia chomboni, kwenye kivuli, karibu na watu. Yaani anataka nyumba yako.

Ichukue nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba sita vya wapangaji, uani choo na bafu. Maji ya bomba yanatoka kwa zamu, kwa hiyo kila chumba kina pipa lake, ndoo zake na madumu yake. Pipa la chumba cha kwanza lina mfuniko. La pili limefunikwa kwa ungo wenye tundu. La tatu ni la kijana wa bodaboda anayechota humo mara moja kwa wiki. Kwenye kona kuna beseni lililovunjika la mpangaji aliyehama mwaka jana, hakuna anayelitupa kwa sababu si lake. Nyuma, matairi mawili yanayosubiri matumizi. Nje ya geti, muuza madafu ameacha vifuu vyake, na mvua imenyesha usiku. Usafi wa uwanja huo unaweza kuwa wa kupigiwa mfano, umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana, na bado ukawa kiwanda cha aedesi.

Kinachowashangaza wengi ni tabia ya mayai yake. Hayatagi juu ya maji. Anayabandika kwenye ukuta wa chombo, kidogo juu ya usawa wa maji, madogo meusi, utadhani masizi. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu miezi mingi, na siku utakapojaza tena pipa, maji yakiyafikia, yanaanguliwa. Ndiyo sababu kumwaga peke yake hakusaidii. Lazima kusugua, kwa brashi au sifongo ngumu, ukikazania ile mistari ambayo maji huacha kila yanaposhuka. Na lazima iwe kila wiki, kwa kuwa kwenye joto la hapa safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka inachukua siku saba hadi kumi. Ukipanga siku moja, tuseme Jumapili kabla ya kufua, unakatiza safari kabla haijafika mwisho.

Pipa lisiloweza kumwagwa lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba, si bati lililoegeshwa. Simtanki juu ya mnara likaguliwe mfuniko, na tundu la kutolea maji yanayozidi liwekwe kipande cha wavu. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa visikudanganye: kipimo kinachofaa kinywani mwako hakimtishi kiluwiluwi. Tazama pia sahani za chini ya maua na trei ya nyuma ya friji. Tairi lisilotumika litobolewe au likae ndani.

Aedesi haruki mbali, aghalabu hazidi mita mia moja au mia mbili tangu alikozaliwa. Maana yake, anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani unayesikia redio yake. Hapa ndipo utaalamu wangu unapokwama na busara ya ujirani inapoanza. Nimeshuhudia mtu akimgongea mwenzake na kumwambia "kwako kuna mbu", wakanuniana mpaka Idi. Anza na lako. Sugua pipa lako, kisha nenda na kikombe chenye viluwiluwi uliowatoa humo. "Hodi. Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." "Mama, tazama nilichokikuta kwenye pipa langu. Naomba nikusaidie kuchungulia na lako, nimekuja na tochi." Mara nyingi atakayekupokea atakuwa ameshainama kabla hujamaliza kusema. Kwenye nyumba ya wapangaji, mwenye nyumba au mpangaji mkongwe ndiye wa kuanzia. Akisema yeye kwamba Jumapili ni siku ya kusugua na vyombo visivyo na mwenyewe vitatupwa, vitatupwa.

Nyumba iliyofungwa na kiwanja kilichotelekezwa ni habari nyingine. Hapo mpeleke bwana afya wa kata, kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, kwa maandishi. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 ipo kwa mambo kama haya, na barua yenye mhuri wa mtaa inafika mahali ambapo maneno ya kibarazani hayafiki. Lakini msimdai gari la kupulizia moshi kama ndilo suluhisho. Moshi unaua mbu wanaoruka saa hiyo, wale wanaokutana nao. Mayai na viluwiluwi walioko kwenye mapipa hawana habari nao. Una kazi yake wakati wa mlipuko, basi. Ukipita leo na mapipa yakabaki yalivyo, kizazi kipya kiko njiani.

Mwisho, homa yenyewe. Malaria mjini ni chache kuliko vijijini, kwa hiyo homa ya ghafla isikupeleke moja kwa moja kwenye dawa ya mseto bila kipimo. Kipimo kikionyesha huna malaria, na unaumwa kichwa, nyuma ya macho na viungo, fikiria dengi. Tumia parasetamo na vinywaji vingi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni acha, hata kama muuzaji wa duka la dawa anakusukumia, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili aedesi wa nyumbani wasichukue virusi kwake na kuwapelekea wengine.

Na muwe macho zaidi homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ndugu wameanza kushukuru Mungu. Hapo ndipo dengi kali hujitokeza. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoka damu, akilegea au kuweweseka, msisubiri asubuhi. Hospitali, usiku huo huo.