Paa la seva hukandikwa kiangazi

Ukipita vijiji vya Ugogo ambako tembe bado zimesimama, inua macho utazame paa. Ni bapa: boriti, fito, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mwenye nyumba hupanda juu wakati jua linawaka na anga haina hata wingu, akaziba kila palipopasuka. Anayesubiri radi ya kwanza hukandika kwa tope linalotiririka, huku watoto ndani wameshalowa.

Nilikumbuka tembe hizo Jumamosi moja usiku, nikiwa nimekaa pembeni ya kijana anayetunza tovuti ya biashara ndogo hapa mjini. Wateja wake huagiza na kulipia humohumo, mchana kutwa. Saa tano usiku, watu wameshalala, ndipo yeye huanza kazi. Alikuwa anaapdeti seva, kompyuta inayobeba tovuti hiyo, kama wanavyosema wenyewe.

Wengi wetu tunaijua seva kwa jina lingine: “mfumo unasumbua”. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na tangu malipo yake yaanze kupita kwenye ile kontrol namba, maneno hayo yana uzito. Mwanafunzi aliyesimama steshenari akijaza fomu ya mkopo siku ya mwisho hajui seva iko wapi wala inatumia programu gani. Anachojua ni kwamba ukurasa haufunguki.

Programu zinazoendesha seva, kama tembe, hupasuka. Kila wiki mtu mahali fulani duniani hugundua tundu. Watengenezaji hutoa kiraka na kutangaza kilichozibwa. Tangazo hilo husomwa na mafundi, na wezi pia. Tangu hapo ni mbio.

Mwaka 2017 uliwaumbua waliochelewa. Machi 14 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikasambaa kwenye kompyuta zilizokuwa hazijawekwa kiraka hicho, kikafunga mafaili na kudai fidia. Uingereza, hospitali za umma zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Mwaka huohuo Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo, iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147. Wezi walipita kwenye tundu la programu ya Apache Struts. Kiraka chake kilitolewa Machi. Wao waliingia Mei.

Lakini walioharakisha nao walipata siku yao ya kuumbuka. Julai 19, 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu kwa wateja wake wanaotumia Windows kwa mkupuo mmoja. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka na ndege zikakwama viwanjani. Kosa lilisahihishwa ndani ya saa moja na nusu, ila mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu wa kuzishughulikia moja baada ya nyingine.

Basi fundi afanye nini, akimbie au angoje?

Njia ya kurudi

Yule kijana hakuanza na seva. Alianza na nakala ya akiba. Hakuridhika kuona faili lipo. Alilichukua, akalifungua kwenye mashine nyingine, akatafuta risiti ya mwisho ya siku ile. Ilipotokea kwenye kioo ndipo alipoendelea. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu, na ikikaa kwenye diski ileile ya seva itakufa pamoja nayo.

Kisha akaandika *apt update*. Hapo wanafunzi wengi wa kazi hii hudanganyika. Amri hiyo haibadilishi programu yoyote. Inakwenda tu kusoma orodha ya yaliyo mapya. Kinachoweka vitu ni *apt upgrade*, na hiyo aliianzia kwenye seva ya majaribio, pacha wa ile ya kazi. Alifungua tovuti, akaagiza bidhaa ya uongo, akajaribu kulipa. Ilipokubali, akahamia kwenye seva yenyewe.

Seva yake inatumia Ubuntu, programu endeshi ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”. Toleo la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na kupata viraka vya usalama kwa miaka mitano. Hekima ya mpango huo ni kutenganisha mambo mawili: kuziba tundu, na kuleta mambo mapya. Viraka vya usalama hupachikwa kwenye toleo lilelile la zamani bila kulibadilisha tabia, kwa hiyo vinaweza kuruhusiwa vijiweke vyenyewe kila siku. Kuhamia toleo jipya ni safari nyingine, inayohitaji maandalizi ya majuma.

Mwisho akawasha seva upya. Wengi huruka hatua hii kwa kuogopa dakika mbili za kimya. Lakini programu iliyokuwa ikifanya kazi bado imeshika toleo la zamani kwenye kumbukumbu, tundu na yote, hata kama kwenye diski kuna mpya. Tundu la Heartbleed lilipotangazwa Aprili 2014, aliyeweka kiraka cha programu ya OpenSSL bila kuanzisha upya huduma zinazoitumia alibaki wazi vilevile.

Nilipomuuliza kama haogopi, alinyoosha kidole kwenye ile mashine ya pili. Jibu lilikuwa pale. Hofu ya kusasisha ni hofu ya kukosa pa kurudi. Mwenye njia ya kurudi hana sababu ya kungoja.

Kalenda ya Dodoma

Mji huu una misimu yake. Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Hicho si kipindi cha kuhamisha mfumo wa malipo. Ila kalenda ya watengenezaji haijali yetu: msaada wa CentOS 7, programu endeshi iliyotumika kwenye seva nyingi duniani, ulikoma Juni 30, 2024, siku ileile ya kufunga vitabu. Tarehe hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Aliyeshtuka nayo hakuwa ametazama paa lake.

Isitoshe, kuziba matundu sasa ni suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hospitali, shule, saccos na duka la mtandaoni, wote wamo.

Kwa hiyo wewe bosi mwenye seva, usimwulize fundi wako kama mfumo uko salama; atakujibu uko salama. Mwulize ni lini mara ya mwisho alirejesha nakala ya akiba na kuiona ikifanya kazi. Akisita, mpe Jumamosi moja usiku, mpe mashine ya pili, na mlipe muda wake. Fanya hivyo sasa, wakati anga haina wingu.