Utumbo Uliopewa Kazi ya Kibofu

Ni ule ute ulionikaa kichwani. Muuguzi mmoja wa upasuaji, anayehudumia wagonjwa wanaotoka hadi Chapwa kule Tunduma, alinieleza kwamba mtu aliyeondolewa kibofu kwa saratani huona nyuzi nyeupe za ute zikielea kwenye mkojo wake, na wengi hudhani ugonjwa umerudi.

Kuhusu saratani ya kibofu, kichocho, sigara, damu kwenye mkojo: hayo tunayajua. Saratani ikishapenya msuli, mara nyingi kibofu hutolewa chote. Daktari hukata kipande cha utumbo mdogo, sentimita 15 hivi, akakiunganisha na mirija ya figo na kutokeza mdomo wake tumboni, upande wa kulia. Mkojo huingia kwenye mfuko uliobandikwa ngozini. Mmarekani Eugene Bricker aliieneza njia hiyo kuanzia mwaka 1950.

Kipande kile hakiachi mazoea. Chakula hakikipitii tena, lakini kinaendelea kutoa ute uleule, mwaka hadi mwaka. Muuguzi anataka kila mgonjwa alijue hilo kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Tena alijue na la pili: utumbo huo hukaa na bakteria, kwa hiyo mkojo wa mfukoni ukipimwa, karibu kila mara utaonekana mchafu. Mgonjwa ataambiwa ana UTI, atapewa dozi. Mwezi ujao dozi nyingine. Siku homa ya kweli ikija, bakteria wameshazizoea dawa. Msimamo wake ni mkali: kama hana homa, hatetemeki, wala kiuno hakimuumi, aachwe. Na kipimo kisitoke mfukoni, kichukuliwe kwa mpira safi kwenye ule mdomo wa tumboni wenyewe.

Anachokiogopa zaidi hakina maumivu. Pale mrija wa figo ulipounganishwa na utumbo panaweza kusinyaa, figo ikafa mwenyewe asijue. Ndiyo sababu ya ultrasaundi na kipimo cha kreatinini maisha yote, mbali na picha za kuitafuta saratani, hasa miaka miwili ya mwanzo. Vitamini B12 nayo hupimwa, maana upungufu wake unaweza kuchukua miaka kujitokeza.

Sasa mpandishe mtu huyo basi la Mbeya kufuata vipimo hivyo, kilomita 100 hivi kutoka Tunduma, kupitia Vwawa, Mlowo na Mbalizi. Mfuko haufai kuachwa upite nusu. Ataumwaga wapi? Muuguzi anasema wapo wanaojinyima maji tangu usiku ili wasiaibike garini, na maji ndiyo yanayohitajiwa na figo.

Muuguzi huandika juu ya kadi ya mgonjwa, kwa herufi kubwa, kwamba mtu huyu hana kibofu. Nani ataisoma kadi hiyo dirishani kwenye duka la dawa, saa mbili usiku? Na mifuko aliyoondoka nayo wodini ikiisha, ataipata wapi Chapwa, kwa bei gani?